Milio miwili kwenye IST moja: kisa cha giaboksi ya oto kutoka Tandahimba

Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, giaboksi ya oto ya gia nne, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Lilifika karakana kwetu Mtwara likiwa limepakiwa juu ya Canter, msimu wa korosho umeshachanganya, na mwenye gari alikuwa amekwisha kuambiwa huko alikotoka kwamba giaboksi imekufa. Ushauri aliopewa ulikuwa mmoja tu: tafuta ya mtumba, ifungwe, yaishe. Alikuwa ameshapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, kuulizia bei, na ameanza kuulizia basi la kuibeba.

Uamuzi huo ulitolewa kwa kusikiliza injini ikiunguruma dakika chache, boneti ikiwa wazi. Dipstiki ya giaboksi haikuchomolewa. Hakuna aliyelala chini ya gari, na gari halikuendeshwa hata kidogo. Nimeona magari mengi ya oto yakishushwa giaboksi kwa mtindo huo. Mara nyingine inafungwa ya mtumba iliyochoka kuliko ile iliyotolewa, na mlio unabaki palepale kwa sababu tangu mwanzo haukuwa wa giaboksi. Kwa hiyo nakieleza kisa hiki pamoja na sababu ya kila hatua, ili mwenye gari ajue la kumuuliza fundi, na fundi mwenzangu aone nilikopita.

Aliyosema dereva

Mwenye gari ni mwalimu mstaafu. Anayeliendesha ni mtoto wa kaka yake, kijana anayepeleka watu na mizigo midogo kati ya vijiji vya Tandahimba wakati wa minada, kisha siku nyingine hushuka nalo mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimeambiwa giaboksi imekwisha. Nataka uniambie kama imekwisha kweli, maana hela ya kununulia nyingine ndiyo hela yangu ya palizi."

"Siwezi kusema kabla sijalikagua, mama. Ngoja kwanza nimsikilize kijana wako."

Kumsikiliza dereva ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayorukwa. Mtu anayekaa ndani ya gari kutwa nzima anaujua mlio wake kuliko mashine yoyote ya kupimia. Kinachotakiwa ni kumwondolea jina la ugonjwa alilopewa na wengine, asimulie alichokisikia yeye.

"Njomba, sahau kwanza neno giaboksi. Niambie unasikia nini, na unakisikia wakati gani."

"Milio ni miwili, fundi. Nilimwambia na yule wa kwanza, akasema yote hiyo ni giaboksi."

Mlio wa kwanza ulikuwa mluzi mwembamba. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, hata gari likiwa limesimama. Ulianza baada ya gari kukwama mchangani na kuhangaika nalo muda mrefu. Mwanzoni ulikuja kwenye mlima tu, au akikanyaga breki ghafla, na ulizidi kadiri safari ilivyorefuka. Siku za mwisho ukawa haukatiki, na gari likaanza kuchelewa kuondoka: unaweka D, unahesabu kidogo, ndipo linashika.

Mlio wa pili ulikuwa mvumo mzito, na ulikuwepo kabla ya mchanga. Huko juu kwenye vumbi hausikiki. Akishaingia lami pale Mnivata na kuongeza mwendo, unaanza, na mpaka anapita Nanguruwe unakuwa umejaa gari zima.

Nikamuuliza gari lilifanyiwa kazi gani kabla ya hapo. Akakumbuka kwamba shafti ya gurudumu la kushoto ilitolewa kubadilishwa mpira uliopasuka. Je, baada ya hapo aliona matone chini? Aliona, akadhani ni maji ya eyakondishena. Maji ya eyakondishena hayana rangi na hayatelezi vidoleni. Hili la kupaka kidole na kukitazama linachukua sekunde chache, na kwenye gari hili lingezuia karibu yote yaliyofuata.

Kabla ya kuendelea, niseme neno juu ya ile Canter. Awali walitaka kulivuta gari kwa kamba mpaka Mtwara, nami kwa simu nikawakataza kabisa. Pampu ya oili ya giaboksi ya oto huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala, lakini magurudumu ya mbele yakiburuzwa barabarani yanazungusha gia na beringi ndani bila oili kusukumwa kwenda kuzilainisha. Safari ndefu ya namna hiyo inaweza kuiua giaboksi iliyokuwa nzima. Kulitoa gari mchangani kwa mita chache si tatizo. Kulivuta kutoka Tandahimba mpaka mjini ni jambo jingine.

Mchanga hufanya nini

Wanaolijua eneo la Wamakonde wanajua mchanga wake. Wakati huo lami kutoka Mtwara ilifika Mnivata, kilomita 50. Ukiacha barabara kuu kuelekea vijijini, kuna vipande ambavyo gari dogo linazama mpaka sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, inagusa chini.

Kati ya injini na giaboksi ya oto hakuna pleti ya klachi inayokanyagwa kwa mguu. Kuna ngoma iliyojaa oili, mafundi tunaiita toki konveta. Ifikirie kama feni mbili zinazotazamana: moja inazungushwa na injini na kusukuma oili, nyingine inasukumwa na oili hiyo na kuzungusha giaboksi. Gari likiwa kwenye mwendo mzuri, feni hizo mbili zinakaribiana spidi. Likikwama mchangani huku dereva anakanyaga mafuta, ya kwanza inakimbia na ya pili karibu imesimama. Nguvu yote isiyolisogeza gari inageuka joto, na joto hilo linaingia kwenye oili. Ndani ya muda mfupi oili inaweza kupata moto kuliko ambavyo ingepata kwa safari nzima ya Mtwara mpaka Lindi.

Sasa ongeza kwamba oili yenyewe imepungua. Pampu inavuta kupitia chujio lililozama kwenye sampu. Kina kikishuka, gari likielekea juu mlimani au likifunga breki, oili inakimbilia upande mmoja, chujio linabaki wazi, na pampu inanyonya hewa. Hewa ikichanganyika na oili inakuwa povu. Povu linabonyea, oili haibonyei, kwa hiyo presha inayotakiwa kuzibana klachi za ndani inalegea. Dereva anasikia mluzi, na gari linachelewa kushika. Ndivyo alivyosimulia kijana, pamoja na mlima na breki, kabla mimi sijagusa spana.

Lakini dhana ikifanana sana na maelezo ndipo pa kuwa mwangalifu, maana vitu vingine kadhaa vinaweza kupiga mluzi unaofuata resi, yaani kasi ya kuzunguka kwa injini.

Mlio unafuata nini

Hili ndilo ninalolishikilia katika kazi hii, na ningependa kila fundi wa magari ya oto alishikilie: kabla ya kuuliza mlio unatoka wapi, uliza unafuata nini. Kuna mlio unaofuata resi ya injini. Kuna unaofuata mwendo wa magurudumu. Kuna unaokuja kwenye gia fulani na kutoweka kwenye nyingine. Kuna unaobadilika ukikanyaga au kuachia mafuta, hata kama mwendo ni uleule. Sikio likidanganywa na mahali, na hudanganywa sana kwa sababu chuma hubeba sauti mbali, hili halidanganyi.

Kinachofuata resi hata gari likiwa P kinaweza kuwa pampu ya giaboksi, kwa kuwa inazunguka muda wote injini ikiwaka. Lakini kinaweza pia kuwa beringi ya oltaneta, pampu ya maji, au kompresa ya eyakondishena. Kinachofuata magurudumu ni beringi za magurudumu, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), au tairi lililolika vibaya. Kinachofuata gia ni zile gia za ndani zinazozungukana. Hapa kuna siri nzuri ya giaboksi hii: gia ya tatu ni ya moja kwa moja, shafti inayoingia na mzunguko unaotoka kwenye seti ya gia vinakwenda sawasawa, seti nzima inazunguka kama kitu kimoja bila meno kusagana. Mlio ukiwepo ya kwanza, ya pili na ya nne, halafu ukanyamaza kwenye ya tatu, basi umeshaonyeshwa mlango.

Nilianza na lililo rahisi. Dipstiki ya giaboksi haikaguliwi kama ya injini. Gari liwe tambarare, oili iwe na joto la kazi, injini iwe inawaka kwenye sailensi, yaani bila kukanyaga mafuta. Unakanyaga breki, unaupitisha mkono wa gia P mpaka L taratibu, unarudisha P, ndipo unachomoa, unafuta, unarudisha na kuchomoa tena. Kina kinasomwa kwenye alama ya moto. Ukipima injini imezimwa, oili inayoshuka kutoka juu itakudanganya kwamba ipo ya kutosha. Kwa gari hili sikuweza kulipasha moto sawasawa bila kuliumiza, lakini hata hivyo jibu lilikuwa wazi: injini ikiwaka, ncha ya dipstiki ilitoka na vipovu na oili kidogo ya hudhurungi, chini ya alama zote. Nilizima mara moja.

Nikanusa. Oili iliyoungua ina harufu kali ya kuchoma pua, mtu akishainusa mara moja haisahau. Hii ilikuwa na harufu hafifu. Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe juani: likasambaa, rangi ya chai, katikati pana weusi kidogo lakini si masizi mazito. Niliipa uzito ishara hiyo. Klachi zilikuwa zimeteseka, ila hazikuwa zimegeuka mkaa.

Gari liliposhushwa kwenye Canter nilikuwa nimekwishaona unyevu upande wa kushoto, pale shafti inapoingia kwenye giaboksi. Nilipasafisha kwa petroli na kitambaa, nikajaza oili mpya mpaka kina kikafika, nikawasha na kuliacha sailensi. Baada ya muda, tone jekundu likaning'inia kwenye mdomo wa oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Kwenye aina hii ya giaboksi difu iko humohumo ndani na inatumia oili ileile, kwa hiyo kinachovuja pale ni oili ya giaboksi yenyewe. Shafti ilipochomolewa kule ilikobadilishwa mpira, wakati wa kuirudisha meno yake yaliburuzwa juu ya ulimi wa sili na kuukata. Kidonda ni kidogo, ukubwa wa punje ya mtama, lakini kwa safari za kila siku kinatosha kuimaliza oili bila mtu kuona dimbwi popote.

Vipimo vya gari likiwa limesimama

Oili ikiwa imejaa, mluzi ulipungua sana, nao haukuisha. Huo uliobaki ndio ulionipa kazi.

Kwanza nilitaka kujua kama ni wa giaboksi kweli. Nikatoa mkanda wa nje, nikawasha injini kwa muda mfupi sana, kwa sababu bila mkanda pampu ya maji haizunguki. Mluzi ulikuwepo bado. Kwa hiyo oltaneta, pampu ya maji na kompresa zikatoka kwenye orodha zote kwa mkupuo. Ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote na wengi hawakifanyi.

Pili, nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nikaitembeza juu ya bodi ya giaboksi bila kugusa kinachozunguka. Mluzi ulikuwa na nguvu zaidi upande wa mbele, injini na giaboksi zinapoungana, ambako pampu ipo nyuma ya toki konveta. Hapo hapo nikasikiliza kama kuna mlio wa kugonga, tok-tok. Pleti ile nyembamba inayounganisha injini na konveta ikipasuka hugonga hivyo, na kuna watu wamefungua injini nzima wakidhani ni beringi za krenki. Hapakuwa na mlio huo.

Tatu, breki imekanyagwa, breki ya mkono juu, vizuizi kwenye matairi, nikalinganisha N na D kwenye sailensi. Kwenye N, feni zote mbili za konveta huzunguka karibu pamoja. Ukiweka D gari likiwa limesimama, ya nyuma inalazimika kutulia huku ya mbele inaendelea. Beringi za ndani ya konveta zikiwa zimekufa, hapo ndipo zinapopiga kelele. Hazikupiga. Nikaweka R: mluzi ukapanda kidogo. Kwenye rivasi giaboksi hupandisha presha ya oili, pampu inabebeshwa mzigo zaidi, kwa hiyo mlio wa upande wa pampu huongezeka. Kila kitu kilikuwa kinaelekea kwenye pampu au njia yake ya kunyonya.

Kijana wangu wa kazi aliuliza kwa nini tusifanye kipimo cha kukanyaga mafuta mpaka mwisho huku gari limezuiwa kwa breki. Kipimo hicho kipo na kina maana yake, ila kinapandisha joto kwa kasi. Kwa giaboksi iliyotoka kuteswa hivi nilikataa. Hakuna swali ambalo kingejibu siku ile ambalo halingejibiwa kwa kufungua sampu.

Jambo la kuamua lilikuja asubuhi iliyofuata. Nililiacha gari lilale, nikaliwasha oili ikiwa ya baridi. Mluzi ulikuwa juu dakika za mwanzo, kisha ukashuka kadiri giaboksi ilivyopata joto. Pampu iliyolika ndani huelekea kinyume: oili ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye nafasi zilizolika, presha inashuka na hali inakuwa mbaya zaidi. Mluzi wa asubuhi unaopungua na joto unasema oili nzito inapita kwa shida mahali fulani. Mahali hapo ni chujio.

Ndani ya sampu

Katika kazi hii hapa ndipo ninapochukua muda mrefu kuliko pengine popote. Sampu ikishushwa, usiioshe. Itazame kwanza.

Sumaku zilizomo ndani zilikuwa na ute wa kijivu, laini, unaopakika kidoleni bila kukwaruza. Huo ni wa kawaida kwa giaboksi yenye umri. Nilichokuwa nakitafuta ni kingine. Chembe ndefu ndefu za chuma zinazochoma kidole hutoka kwenye beringi au meno ya gia. Vipande vya njano vinavyong'aa, ambavyo sumaku haivishiki, hutoka kwenye bushi na washa, na pampu ina bushi yake. Vipande vyeupe vyepesi visivyoshikwa na sumaku ni vya bodi au vipande vya aluminiamu vilivyosagwa. Na unga mweusi ni wa pleti za klachi. Niliipaka oili ya chini kwenye karatasi nyeupe, nikaipeleka juani, nikaigeuza geuza. Unga mweusi ulikuwepo, zaidi ya ninavyopenda. Njano hapana. Chuma cha kuchoma hapana.

Chujio lilikuwa limevaa unga ule mweusi karibu uso mzima. Nilijua umetoka wapi: klachi zilizoteleza kule mchangani, presha ikiwa imelegea. Kwa maneno mengine, upungufu wa oili ulizaa utelezi, utelezi ukazaa unga, unga ukaziba chujio, na chujio likaendeleza mluzi hata baada ya oili kujazwa. Fundi anayejaza oili na kusikia mluzi bado upo hukata tamaa hapo na kusema nilijua giaboksi imekufa. Kumbe amefika katikati ya njia.

Tulifunga chujio jipya, gasketi mpya, sili mpya ya shafti. Kwenye sili nilisimama mwenyewe: ulimi umepakwa oili, sili imekaa sawa pande zote, shafti imeshikwa na watu wawili ili meno yasilale juu ya mpira, kisha imesukumwa moja kwa moja mpaka ile ringi ya kufungia imeingia kwa mlio wake.

Oili ni Toyota Type T-IV, ndiyo iliyoandikiwa giaboksi hii. Mjini utauziwa chupa yoyote nyekundu kwa jina la ATF au haidroliki, na kijana alikuwa ameshaongeza mojawapo. Wekundu ni rangi tu. Kinachotofautiana ni namna oili inavyoziacha pleti zishikane: isiyofaa inaweza kulifanya gari litetemeke linapobadili gia au konveta inapojifunga, yaani feni zake mbili zinapofungwa zizunguke pamoja. Ukifungua nati ya chini hutoka karibu lita 3 peke yake, nyingine inabaki ndani ya konveta na njia zake. Kwa hiyo tulimwaga na kujaza, gari likatembea kidogo mjini, tukamwaga na kujaza tena. Sikutumia mashine ya kusukuma oili kwa presha. Kwenye giaboksi yenye unga huru ndani, sitaki kuupeleka kwenye vali ndogo ndogo.

Mvumo wa barabarani

Mluzi ukaisha, baridi na moto. Ukabaki mvumo, na ndio uliokuwa umewapotosha wa mwanzo, maana gari linalopiga mluzi na kuvuma kwa pamoja linasikika kana kwamba kila kitu ndani kimevunjika.

Tulitoka kuelekea Mikindani, barabara yenye vipande vilivyonyooka. Kuanzia kama kilomita 50 kwa saa mvumo ukaja. Nikiwa kwenye mwendo uleule nikabonyeza kitufe cha O/D (ovadraivu) kinachoizuia gia ya nne, giaboksi ikashuka kutoka gia ya nne hadi ya tatu, resi ikapanda. Mvumo haukubadilika hata kidogo. Basi haufuati injini wala gia. Nikaachia mafuta, nikakanyaga tena: uleule. Mlio wa difu mara nyingi hubadilika hapo, kwa kuwa meno hubanwa upande mmoja ukivuta na upande wa pili ukiachia. Kisha, barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, nikayumbisha usukani taratibu kushoto, uzito wa gari ukaegemea gurudumu la kulia: mvumo ukazidi. Nikayumbisha kulia, ukapungua. Beringi ya gurudumu la mbele kulia.

Tuliporudi tulipandisha gari kwa jeki na stendi. Mkono mmoja kwenye springi ya shokapu, mwingine unazungusha tairi. Springi inaupeleka mkwaruzo wa beringi mkononi vizuri kuliko sikio. Upande wa kushoto ulikuwa laini, wa kulia ulikwaruza mzunguko mzima. Tulibadilishana matairi ya mbele na nyuma pia, kuondoa shaka ya tairi, na mvumo ukabaki mbele. Beringi iliingizwa kwa presi. Beringi ya habu ikigongwa kwa nyundo inaingia ikiwa tayari imeumia, na baada ya muda mfupi itavuma tena.

Kama ingekuwa vingine

Mwalimu aliuliza ni kitu gani kingenifanya nikubaliane na yule wa kwanza. Ni swali la haki. Ningekubali kushusha giaboksi kama ningekuta vipande vya njano kwenye sampu pamoja na mluzi unaozidi na joto. Au mkwaruzo kwenye D gari limesimama, unaonyamaza kwenye N. Au mlio uliopo gia zote isipokuwa ya tatu. Au oili nyeusi inayonuka moto, na gari linateleza hata baada ya kina kuwa sawa. Moja ya hayo lingetosha kunifanya nifungue. Hapakuwa na hata moja.

Sikumwambia kwamba giaboksi ni mpya, kwa sababu si mpya. Unga ule mweusi ni sehemu ya pleti zake, na haurudi. Nilimwambia ina maisha, na maisha hayo yanategemea mambo mawili: oili, na mchanga. Baada ya wiki kadhaa za kazi gari lilirudi, tukashusha sampu tena. Sumaku zilikuwa na ute mwembamba wa kawaida, chujio safi, sehemu ya sili kavu. Kijana alikuwa amejifunza kupima kina mwenyewe, injini ikiwaka.

Kuhusu mchanga nilimpa maelekezo haya, na ndiyo ninayompa kila mwenye gari la oto anayepanda kule juu. Kabla ya kuingia, punguza upepo wa matairi, weka L, ondoka taratibu na usisimame katikati. Tairi likianza kuzunguka bila gari kusogea, acha mafuta papo hapo. Usibadilishe D na R kwa haraka ukiwa na resi. Weka P, liache liungurume sailensi dakika kadhaa, kwa sababu hapo konveta haina mzigo na pampu inaendelea kuipitisha oili kwenye rejeta ipoe. Wakati huo shukeni mchimbe mbele ya matairi, wekeni matawi au magunia, abiria wote chini. Jaribu mara moja kwa upole. Likikataa, chimbeni tena.